Kipa chipukizi wa Keroka: apewe lango au angoje benchi?

Keroka ni mji wenye baba wawili. Ukitoka Kisii kwa barabara ya kwenda Sotik unaufikia ukiwa umekaa juu ya mpaka: upande huu kaunti ya Kisii, upande ule kaunti ya Nyamira. Serikali hizo mbili zimevutana miaka na miaka kuhusu nani mwenye haki ya kutoza ushuru sokoni pale. Lakini ukiwauliza watu wa soko hilo hilo timu yao ni ipi, wengi watakujibu kwa sauti moja: Shabana.

Sisi watu wa Pwani mashabiki hao tunawafahamu. Shabana inapokuja Mombasa kucheza na Bandari, Wakisii wanaoishi na kufanya kazi huku hutoka kwa wingi kuishangilia Tore Bobe yao, na siku hiyo hata mwenyeji hujihisi mgeni. Basi suala ninaloandika leo si la Gusii peke yake. Ni la Bandari, ni la timu za mitaa ya Likoni na Kisauni, ni la kila klabu ambayo fedha zake ni chache na vijana wake ni wengi.

Suala lenyewe ni hili. Tuseme yuko kijana wa miaka 18 kutoka Keroka, kipa. Simtaji mtu, maana kila mji una kijana wa namna hii. Mrefu, mikono mizuri, hana woga. Klabu ya Ligi Kuu imemsajili. Kipa wa kwanza ana miaka 33, na kila mtu anaona kwamba miguu yake inaanza kuwa mizito. Je, klabu imkabidhi kijana lango na kusema huyu ndiye wetu, hata kama atafungisha? Au akae benchi mpaka aive?

Waswahili wana jibu kwa pande zote mbili. Haraka haraka haina baraka. Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni kweli, ndiyo maana inabidi tulitazame jambo hili kwa undani.

Kwa nini kipa si kama mchezaji mwingine

Winga chipukizi unaweza kumwingiza dakika ya 75, timu ikiwa inaongoza kwa mabao mawili. Akipoteza mpira, kuna wenzake kumi wa kuurudisha. Msimu ujao unampa dakika 30, kisha nusu ya mechi. Anakua polepole, na timu hailipi gharama kubwa.

Kipa hana ngazi hiyo. Lango ni moja na anayelilinda ni mmoja. Hakuna kocha anayembadilisha kipa dakika ya 75 ili kijana apate uzoefu. Kwa hiyo kumlea kipa ni uamuzi wa ama yeye ama mwenzake. Na makosa yake hayafichiki: mshambuliaji akikosa mabao matatu huambiwa hakuwa na bahati, kipa akiuachia mpira mmoja upite mikononi jina lake linavuma kwenye kila kibanda cha kahawa.

Wamarekani wana nafasi inayofanana na hii katika mpira wao wa mikono na helmeti. Ni yule anayeupokea mpira kwanza kila shambulizi linapoanza na kuamua uende wapi. Naye ni mmoja tu uwanjani, na klabu za huko hugombana kila mwaka juu ya jambo hili hili. Mwaka 2002 timu mpya ya Houston ilimtupa uwanjani kijana wake, David Carr, mbele yake kukiwa na ukuta dhaifu. Msimu huo aliangushwa chini na wapinzani mara 76, idadi ambayo haijawahi kufikiwa tena, wala hakuja kuwa yule aliyetarajiwa. Mwaka 2017 Kansas City walimchukua Patrick Mahomes, wakamweka karibu msimu mzima nyuma ya mkongwe Alex Smith, kisha mwaka 2018 wakamwachia timu. Mwaka huo huo alichaguliwa mchezaji bora wa ligi.

Wepesi wa kusema watasema: basi, angojee benchi. Lakini somo silo hilo. Carr hakuharibiwa na ujana wake tu, aliharibiwa pia na wale waliosimama mbele yake. Na Mahomes hakusahauliwa benchi. Klabu ilikuwa na mpango, na siku ilipofika ilimwondoa mkongwe kweli kweli.

Waliopewa wakiwa wadogo

Katika soka mfano wa karibu ni Iker Casillas. Real Madrid walimpa lango mwaka 1999 akiwa na miaka 18. Mei 2000, siku nne tu baada ya kutimiza miaka 19, alicheza fainali ya Klabu Bingwa Ulaya na kuishinda Valencia 3-0. Hapo ndipo wengi huishia kuisimulia hadithi yake. Lakini msimu wa 2001/02 alishuka, akapoteza nafasi kwa César Sánchez, na fainali ya 2002 dhidi ya Bayer Leverkusen aliianza benchi. César akaumia, Casillas akaingia, akaokoa mipira ya mwisho na Madrid wakachukua kombe. Miaka minane baadaye alikuwa nahodha wa Hispania iliyotwaa Kombe la Dunia.

Angalia klabu ilifanya nini: alipotetereka walimpumzisha, hawakumtupa. Kumpumzisha kijana na kumtupa ni mambo mawili, na klabu zetu nyingi huyachanganya.

Hapa jirani, Azam ya Dar es Salaam ilimlea Aishi Manula tangu akiwa kijana, ikampa lango, naye akawa kipa wa Taifa Stars. Mwaka 2017 alikwenda Simba, na msimu wa 2018/19 alikuwa golini Simba ilipofika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Yanga nao walichagua njia nyingine: mwaka 2021 walimleta Djigui Diarra kutoka Mali, mtu aliyekwisha kuiva, na hawakujuta. Njia zote mbili zinafanya kazi. Tofauti ni kwamba ile ya Yanga inataka fedha za Yanga.

Na sisi wa Mombasa tusisahau kwamba kipa mashuhuri kuliko wote katika historia ya Kenya ni wetu. Mahmoud Abbas, aliyepewa jina la Kenya One, ndiye aliyekuwa kipa wa zama zile Harambee Stars ilipolibeba Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Jina kama hilo halijengwi kwa mechi mbili. Hujengwa na watu walioendelea kumsimamisha mtu golini hata baada ya siku mbaya.

Hofu ya Shabana ni ya haki

Sasa mtu wa Keroka ataniambia: wewe unaongea ukiwa ufukweni, sisi tunajua maumivu ya kushuka. Ana haki. Shabana ilishuka daraja mwaka 2006 na haikurudi Ligi Kuu mpaka 2023. Miaka 17. Mtoto aliyezaliwa Keroka mwaka waliposhuka alikaribia kuchukua kitambulisho bila kuiona timu ya nyumbani ikicheza na Gor Mahia kwenye ligi. Katika ligi ya timu 18 na mechi 34, alama tatu zilizopotea kwa kosa la kipa zinaweza kuwa ndizo zinazokutofautisha na aliyeshuka.

Kwa hiyo jibu langu halifanani kwa kila timu na kila wakati. Timu iliyobakisha mechi tano na iko kwenye mstari wa kushuka isimpe kijana lango kwa mara ya kwanza. Huko si kumlea, ni kumtwika mzigo wa watu wazima. Timu hiyo impeleke kwa mkopo daraja la chini, acheze kila wiki, afungwe huko na kujifunza huko. Kipa asiyecheza hakui. Anazeeka tu akiwa amevaa glavu safi.

Tena kipa ana muda. Dino Zoff wa Italia alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1982 akiwa na miaka 40. Essam El-Hadary wa Misri alicheza Kombe la Dunia 2018 akiwa na miaka 45 na akaokoa penalti. Kijana wa miaka 18 akikaa mwaka mmoja kwa mkopo hajachelewa popote.

Lakini timu iliyo katikati ya msimamo, yenye kipa wa miaka 33, na bado inamwambia kijana "wakati wako utafika" bila kumwambia lini, hiyo hailei. Hiyo inaogopa. Mwaka kesho mkongwe atakuwa na miaka 34, kijana atakuwa amechoka kungoja, na klabu itaanza upya kutafuta kipa sokoni.

Kulea maana yake nini hasa

Neno "tunalea vijana" limekuwa jepesi midomoni mwa viongozi wa klabu. Mimi naona lina mambo manne, na likikosekana moja hakuna malezi.

La kwanza, idadi ya mechi itajwe mapema. Aambiwe: una mechi kumi, na bao moja la aibu halikuondoi. Kipa anayejua kwamba kosa moja litamrudisha benchi hatoki langoni kuifuata krosi. Hubaki kwenye mstari, na huko ndiko anakofungwa.

La pili, mkongwe abaki. Asifukuzwe ili kijana apate nafasi. Akae naye mazoezini, amwonyeshe namna ya kuupanga ukuta na namna ya kuongea na mabeki. Pawe pia na kocha wa makipa, si kocha msaidizi anayempigia mipira dakika kumi mwisho wa mazoezi.

La tatu, uamuzi uwe wa klabu, si wa kocha. Kwetu Kenya kocha anaweza kuondoka katikati ya msimu. Kama kijana alikuwa mradi wa kocha mmoja, kocha anayefuata atakuja na kipa wake na mwaka mzima wa malezi utapotea.

La nne, makaratasi. Hapa ndipo timu ndogo huumia. Milan walimpa lango Gianluigi Donnarumma mwaka 2015 akiwa na miaka 16. Mwaka 2021 mkataba wake ukaisha, akaenda Paris bure. Kama Milan waliweza kumpoteza hivyo, itakuwaje timu ya mtaa isiyo na hata daftari la usajili?

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kwenda nje ya nchi mkataba wake ukiwa bado hai, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomfundisha. Kila mwaka aliokaa kati ya umri wa miaka 12 na 15 ni asilimia 0.25, na kila mwaka wa 16 hadi 23 ni asilimia 0.5. Timu ya Keroka iliyomlea tangu 12 mpaka 18 ingepata asilimia 2.5. Kwa mauzo ya shilingi milioni 10 hizo ni shilingi 250,000: mipira, jezi na nauli za msimu. Lakini hulipwa timu iliyosajiliwa tu, yenye mchezaji aliyesajiliwa. Yule aliyecheza miaka saba bila kuandikwa popote, kwa FIFA hakucheza.

Mkataba wenyewe nao uwe wa haki. Kwa kanuni hizo, aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa zaidi ya miaka mitatu, wala hawezi kuhamishiwa klabu ya nje isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Wazazi wa Pwani wanaoletewa ahadi za Ghuba kwa mtoto wa miaka 16 wailijue hilo. Mshahara wake pia ulipwe kwa wakati. Kipa kijana asiyelipwa miezi mitatu ndiye anayepigiwa simu usiku na wapangaji wa matokeo, na klabu isiyomlipa isijifanye kushangaa.

Na sisi mashabiki

Basi kijana wa Keroka apewe lango? Ndiyo, timu ikiwa haiko ukingoni mwa kushuka, na mambo hayo manne yakiwa yametimizwa. La sivyo, mkopo ni heshima zaidi kuliko benchi.

Imebaki sehemu moja ambayo haiko mikononi mwa klabu. Viongozi hufuata kelele za jukwaani. Siku kijana huyo atakaposhuka Mombasa na timu yake, au siku Bandari itakapomsimamisha wa kwetu, mpira ukimponyoka na kuingia wavuni, dakika inayofuata ni yetu sisi tuliolipa kiingilio. Tukimzomea, kocha atasikia na wiki ijayo atamrudisha mkongwe. Tukimpigia makofi anapoupanga mpira upya, huenda tukampa ile mechi ya pili ambayo kila kipa mkubwa aliwahi kuihitaji.