Boti yako inalala wapi? Namna ya kuifunga majini bila gharama kubwa

Toka mwezi wa 5 hadi wa 9, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu juu ya ziwa Tanganyika. Asubuhi, kwenye pwani za Uvira, Baraka ao Kalemie, si ajabu kukuta mtumbwi umepasuka ubavu juu mawimbi yameupiga usiku kucha kwenye mawe. Baba yangu mdogo alipoteza wake namna hiyo. Kamba haikukatika, na fundo tulilikuta bado zima. Shida ni kwamba mtumbwi ulifungwa kwenye nguzo ya pwani, palepale mawimbi yanapovunjika.

Wenye boti za baharini wana njia nyingine. Kwenye bandari kama Mombasa ao Dar es Salaam maji yanapanda na kushuka mara 2 kwa siku, siku zingine zaidi ya mita 3. Boti ikifungwa pwani kwa kamba fupi, maji yakishuka itaachwa ikining'inia. Kwa hiyo boti nyingi zinafungwa mbali kidogo na pwani: jiwe zito chini, mnyororo na kamba, halafu boya juu. Boti inafungwa kwa pua tu, na inazunguka yenyewe kufuata upepo. Siku zote pua ndiyo inaangalia mawimbi, ubavu unapona.

Ziwa letu halina kupanda na kushuka kwa kila siku. Lakini maji yake yanapanda kila mwaka kisha mvua, kilele kikiwa karibu na mwezi wa 4 ao wa 5, halafu yanashuka wakati wa kiangazi. Na kuna miaka yanapanda kupita kawaida. Mwaka 2024 wakaaji wa Uvira, Kalemie na hata Bujumbura waliyaona yakiingia ndani ya nyumba. Nguzo uliyosimamisha kwenye mchanga mkavu inaweza kujikuta ndani ya maji.

Sasa tuseme juu ya jiwe, maana hapo ndipo wengi wanakosea. Wanalipima kwenye nchi kavu. Kumbe betoni ikiingia majini inapoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake. Chukua pipa la lita 200, likate nusu, ulijaze betoni: utapata kitu cha kilo karibu 240. Majini kitavuta kama kilo 140 tu. Mfuko wa mchanga wa kilo 50 unabaki na kilo 30 hivi, na ukipasuka hakuna kitu. Chuma hakipotezi hata asilimia 15, ndiyo maana moteri ya gari iliyokufa, ile sehemu yake ya chuma kizito, ni jiwe zuri kama unaipata kwa bei ya chuma chakavu. Lakini safisha mafuta yote kwanza, maji hayo ndiyo tunakunywa. Ukitumia betoni, mfuko mmoja wa simenti na mchanga na vijiwe unatosha kabisa kwa nusu pipa. Usisahau kuingiza pete ya chuma kinene kabla haijakauka.

Kosa la pili ni kamba fupi. Kamba fupi inavuta kwenda juu, kila wimbi linainua jiwe kidogo, mwishowe linatembea. Kamba ndefu inavuta kwa ulalo. Hesabu mara 3 ya kina, na kina hicho ukihesabu maji yakiwa yamejaa, si ya mwezi wa 10. Kwenye kina cha mita 4, hiyo ni mita 12. Mita za chini ziwe mnyororo: uzito wake unapunguza mshtuko, na haukatwi na mawe. Kamba ya nailoni inavutika kidogo, ni nzuri. Ile ya plastiki nyepesi inaelea, inashikwa na moteri za watu, na jua linaiua haraka. Boya si lazima kununua, bidoni iliyofungwa vizuri inafanya kazi.

Halafu pima nafasi. Boti ya mita 9 kwenye kamba ya mita 12 inaweza kufika karibu mita 20 kila upande wa jiwe. Jirani yako naye anazunguka. Kwenye ghuba ya Baraka, nyuma ya rasi ya Ubwari, kuna maji yaliyotulia kidogo, lakini pwani zingine kina kinashuka haraka sana: hatua chache tu, na umepoteza chini.

Kabla ya kutupa jiwe, zungumza na kamati ya wavuvi na wakubwa wa bandari, ili usiliweke kwenye njia ya boti. Moteri ipeleke nyumbani kila jioni. Na kila miezi michache, mtu azame kuangalia pete na mnyororo, maana kutu inaanzia pale macho hayafiki.