Mti wa jangwani unaoangushwa na maji

Mwaka 2023 jiji la Phoenix, Arizona, lilikaa siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 za Selsiasi na kupita. Hata kaktasi, wenyeji wa jangwa, zingine zilianguka. Si mchezo. Lakini kwenye mitaa hiyo hiyo kuna mti ambao kila msimu wa kuchipua hujifunika maua ya manjano mpaka huoni matawi.

Unaitwa Desert Museum, kutokana na makumbusho ya jangwa yaliyo Tucson, alikofanya kazi Mark Dimmitt, mtaalamu aliyeutambua. Ni chotara wa aina tatu za palo verde. Mmoja wa wazazi wake huenda ashawahi kukuchoma: ni mkeketa, ule wa miiba unaopandwa sehemu zetu kavu. Mtoto hana miiba. Halafu gome lake ni la kijani na linajitengenezea chakula, kwa hivyo kiangazi kikizidi mti unapukutisha majani na maisha yanaendelea.

Sasa, kinachouangusha sana si jua. Ni huruma ya wenye nyumba.

Mtu anaona joto, anafungulia maji kidogo kidogo kila siku, pale pale kwenye shina. Mizizi nayo inabaki juu juu, ya nini ihangaike? Matawi yanafura haraka kama ugali wa njaa. Dhoruba za Julai na Agosti zikija, asubuhi mti umelala barabarani, mizizi nje.

Mche mchanga unahitaji maji mara kwa mara, hiyo ni sawa. Ukishashika, mpe maji mengi kwa mpigo mmoja, kisha muachane kwa muda. Na maji uyasogeze mbali na shina, hadi pale kivuli cha matawi kinapoishia. Mbolea achana nayo.

Kabla hujaanza kuutafuta mtandaoni, tulia. Mbegu za chotara hazitoi mti kama mama yake. Huu huzalishwa kwa vipandikizi. Anayekuuzia mbegu akikuahidi mti usio na miiba, funga pochi. Isitoshe, Baringo bado wanahangaika na mathenge, mti mwingine wa kutoka Amerika ulioletwa kuokoa ardhi kavu. Mwaka 2006 wakazi walifika nao mahakamani, pamoja na mbuzi aliyeng'oka meno.

Kwa hivyo mti wenyewe waachie wenyewe. Mbinu ya maji ndiyo ya kuchukua, hata kama ulicho nacho Garissa ni mwarobaini tu. Siku moja baada ya kumwagilia, chomeka nondo nyembamba ardhini. Penye unyevu itateleza, penye ukavu itakwama. Ikikwama kabla ya sentimita 60, bana, hapo hujamwagilia, umelowesha vumbi.