Muamala: Yote au Hapana

Neno muamala, lenye asili ya Kiarabu, kwa desturi hurejelea mapatano na shughuli baina ya watu, hususan biashara. Makala haya yanafafanua maana yake katika uandishi wa programu za tovuti.

Tuchukue mfano wa mzazi aliye Asumbi anayemtumia mwanawe shilingi 500 kupitia tovuti ya benki. Hifadhidata hutekeleza hatua mbili: kupunguza salio la mzazi, kisha kuongeza la mwana. Mtambo ukizimika katikati, fedha zitakuwa zimemtoka mmoja bila kumfikia mwingine.

Ili kuepuka hasara hiyo, mwandishi wa programu huzifunga hatua zote katika muamala mmoja. Kwanza, hutoa amri ya kuanza kabla ya badiliko lolote. Pili, hatua zote zikifaulu, hutoa amri ya kuthibitisha. Tatu, hatua yoyote ikishindikana, hutoa amri ya kutangua, na masalio hurudi yalivyokuwa. Mtambo ukizimika ghafla, hifadhidata yenyewe hutangua muamala ambao haukuthibitishwa pindi inapowashwa tena. Aidha, muamala usiachwe wazi kwa muda mrefu, kwani huweza kuwazuia wengine kubadilisha rekodi zilezile.

Mnamo 1981, Jim Gray, mtaalamu wa Marekani, aliilinganisha dhana hii na mkataba, akatoa mfano wa harusi. Kiswahili nacho kilikwisha kuwa na msamiati wake: mkataba huthibitishwa, ndoa hutanguliwa. Istilahi tunazozitafuta mbali mara nyingi zimo katika maisha yetu ya kila siku.