Kwa nini simu ya WhatsApp hukatika ukitembea ndani ya jengo lenye Wi-Fi

Mtu anaongea kwa WhatsApp kupitia Wi-Fi ya ofisini. Akipanda ngazi tu, sauti inapotea: "Haloo, haloo, unanisikia?" Baada ya sekunde mbili tatu inarudi. Wengi huilaumu kampuni ya intaneti. Lakini mara nyingi kinachotokea ni kwamba simu ilikuwa inahama kutoka rauta moja kwenda nyingine, ikachelewa njiani.

Inachelewa wapi?

Kuhama kuna hatua tatu: kutafuta rauta mpya, kujitambulisha, kisha kuunganishwa. Inayokula muda zaidi kwa kawaida ni ya kwanza. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli 13 katika nchi nyingi, na simu huzipitia moja baada ya nyingine. Rauta hujitangaza mara kama 10 kwa sekunde. Simu ikisubiri tangazo kwenye kila chaneli, hizo 13 peke yake zinaweza kumaliza zaidi ya sekunde 1.

Sauti ya simu husafiri vipande vipande, kwa kawaida kimoja kila milisekunde 20. Kwa hiyo sekunde 1 ya kutafuta ni vipande 50 ambavyo havikufika kwa wakati. Ukitazama YouTube huwezi kugundua, maana video huwa imeshapakuliwa mbele kidogo. Mazungumzo hayana akiba hiyo.

Dawa ipo

IEEE, taasisi inayoweka viwango vya Wi-Fi, imetoa vitatu vinavyosaidia:

- 802.11k (2008): rauta huipa simu orodha ya majirani na chaneli zao. Simu haitafuti tena gizani.
- 802.11r (2008): funguo za usalama huandaliwa mapema, simu isianze kujitambulisha upya. Hii inasaidia sana ofisi ambazo kila mfanyakazi ana nenosiri lake.
- 802.11v (2011): rauta huishauri simu ihamie wapi, mfano yenyewe ikizidiwa na watu.

Cha kufanya

Rauta zote za jengo zipewe jina moja na nenosiri moja. Kwenye 2.4 GHz, zilizo jirani zitumie chaneli 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Kisha washa viwango hivyo kwenye mipangilio, kama vipo.

Usiongeze nguvu ya rauta hadi mwisho. Anayeamua kuhama ni simu. iPhone, kwa mfano, huanza kutafuta rauta nyingine mawimbi yakishuka hadi -70 dBm. Rauta yenye nguvu kupita kiasi huifanya simu iing'ang'anie hata ikiwa mbali, huku nyingine iko hapo juu ya kichwa.

Tahadhari moja: baadhi ya vifaa vya zamani hugoma kuunganishwa 802.11r ikiwa imewashwa. Ijaribu kwanza kabla ya kuiacha jengo zima.