Uso, Mwanga na Hatua Mbili Nyuma

Wengi wakiitazama picha waliyojipiga kwa simu huilaumu sura yao. Pua imekuwa kubwa, masikio yamerudi nyuma, macho yamezama gizani. Sura haina kosa lolote. Kosa ni la umbali na mwanga, na yote mawili yanaweza kusahihishwa hata kwa simu ya bei ya chini.

Tuanze na pua. Ncha yake imetangulia masikio kwa takriban sentimita 12. Ukijipiga selfi huku umekunja kiwiko, simu inakuwa kama sentimita 30 kutoka puani, kwa hiyo masikio yako sentimita 42. Kitu hupungua ukubwa machoni pa kamera kadiri kinavyokuwa mbali, na hapo pua inakuzwa asilimia 40 zaidi ya masikio. Sasa isogeze simu hadi mita moja na nusu. Pua iko sentimita 150, masikio 162, na tofauti imeshuka hadi asilimia 8. Uso ni uleule, lenzi ni ileile, kilichobadilika ni umbali tu. Mwaka 2018 Boris Paskhover, daktari wa upasuaji wa uso katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, alichapisha pamoja na wenzake hesabu ya namna hii: picha ya sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko picha ya mita moja na nusu. Wagonjwa walikuwa wakimwonyesha selfi zao wakitaka pua zirekebishwe. Inaumiza kufikiri kwamba mtu anaweza kulala kwenye meza ya upasuaji kwa sababu ya urefu wa mkono wake.

Kwa hiyo mpe mwenzako simu, asimame hatua mbili au tatu mbele yako na atumie kamera ya nyuma, ambayo kwa kawaida ina sensa kubwa kuliko ya mbele. Kama simu ina lenzi ya kukuza mara mbili, aitumie hiyo badala ya kusogea karibu ili uso ujae kwenye kioo. Ukiwa peke yako, egemeza simu kwenye rundo la vitabu usawa wa macho, kisha uweke kipima muda cha sekunde 10. Na lenzi ifutwe kwanza kwa kitambaa safi cha pamba, maana mafuta ya vidole huutawanya mwanga na picha nzima ikawa na ukungu.

Mwanga ndio wenye mambo mengi. Kwetu karibu na Ikweta, jua la saa sita mchana hushuka wima. Dar es Salaam hulipata utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, lakini hata miezi mingine linakuwa juu mno kwa picha ya uso: nyusi hutupa kivuli machoni, pua hutupa kivuli mdomoni. Mahali pazuri zaidi huwa ni mlangoni. Simama ndani, hatua moja kutoka kizingitini, ukitazama nje, mradi jua lisikupige moja kwa moja. Anga, ukuta wa jirani na ardhi ya uani vyote vinakuwa taa moja kubwa sana. Geuka kidogo kando, shavu moja lipokee mwanga na la pili lififie polepole. Likififia kupita kiasi, mtu ashike shuka jeupe au karatasi ya manila upande huo. Taa ya chumbani izimwe, kwa sababu rangi yake ya njano ikikutana na mwanga wa mchana simu hushindwa kujua ifuate ipi.

Kwa ngozi nyeusi, ukubwa huo wa chanzo cha mwanga una maana ya pekee. Melanini hufyonza sehemu kubwa ya mwanga unaopenya ndani ya ngozi. Lakini sehemu ndogo, kama asilimia 4 au 5, huakisiwa juu kabisa ya ngozi kabla haijakutana na melanini, na kiasi hicho hakitofautiani sana kati ya mtu na mtu. Kwenye uso mweusi, basi, mng'ao ndio unaochora mashavu na taya. Flashi ya simu, kwa kuwa ni ndogo, huacha nukta kali kwenye paji la uso na kupoteza yaliyobaki. Mlango au dirisha huacha utepe mpana, laini, unaofuata umbo la mfupa. Ndiyo maana sishauri kupaka poda mpaka mng'ao wote ufe.

Kisha kuna kipimo cha mwanga cha simu yenyewe. Kimerithi kanuni ya zamani kwamba mandhari yoyote, ukiyachanganya, hutoa kijivu cha wastani kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Simu za sasa hutafuta uso na kuupa uzito zaidi, lakini mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta wa chokaa, ukuta mara nyingi hushinda: simu hupunguza mwanga ili weupe usipauke, na uso unazama. Gusa uso kwenye kioo. Katika simu nyingi kijua kidogo kitatokea. Kipandishe kwa kidole hadi uone weusi wa macho umetengana na kope. Au ondoka ukutani, ukasimame mbele ya pazia jeusi au majani mabichi, nawe utaona uso unajitokeza wenyewe.

Mazoea ya kuusahau uso mweusi hayakuanza na simu. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha filamu zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, alieleza kwamba malalamiko yaliyosikilizwa na Kodak yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, waliotaka kahawia zao zitofautiane pichani. Leo hali ni afadhali. Kampuni ya Transsion, inayouza TECNO na itel barani Afrika, iliziandaa kamera zake kwa ngozi nyeusi, na mwaka 2021 Google ilizindua Real Tone, mfumo wake wenye lengo hilohilo. Hata hivyo simu nyingi bado huja na chombo cha kurembesha kinacholainisha na kung'arisha ngozi. Nakipinga kwa moyo wote. Ingia kwenye mipangilio ya kamera ukizime kabla ya kupiga picha.

Limebaki suala la kuchagua, na hapa mwenye uso ndiye mwamuzi dhaifu. Tumezoea sura yetu ya kwenye kioo, iliyogeuzwa kulia kwenda kushoto. Jaribio la Mita, Dermer na Knight la mwaka 1977 lilionyesha kwamba watu hupendelea picha yao iliyogeuzwa hivyo, ilhali marafiki zao hupendelea ile isiyogeuzwa. Mwaka 2017 David White na wenzake nchini Australia walikwenda mbele zaidi: waliwapa wanafunzi picha 12 za nyuso zao wenyewe wachague, kisha wakawapa watu wasiowajua kazi hiyohiyo. Zilizochaguliwa na wageni ndizo zilizowavutia zaidi watazamaji wengine. Piga nyingi, basi, kisha mpe simu mtu asiyekujua vizuri. Mwambie kama picha ni ya kuombea kazi au ya kuweka WhatsApp, na umwonyeshe ikiwa ndogo, ndani ya duara, kama watakavyoiona wengine.