Injini Ndogo na Mafuta Yake

Katika mashamba mengi ya mikaratusi na miwati nchini Kenya, shoka limeachia kazi msumeno wa injini, ule ambao mafundi huuita pawasoo. Pampu ndogo ya petroli hupandisha maji kutoka mtoni hadi kwenye mboga, na jenereta huwasha taa za duka umeme ukatikapo. Vyombo hivi hununuliwa kwa fedha nyingi, pengine kwa mkopo wa chama cha ushirika au kwa bei ya ng'ombe aliyeuzwa. Hata hivyo, injini iliyoundwa kufanya kazi miaka mingi yaweza kuharibika katika asubuhi moja kwa sababu ya kile kilichotiwa tangini.

Kabla ya kuuliza bei ya mafuta, yampasa mwenye chombo aijue injini yake.

Aina Mbili za Injini

Injini ndogo za petroli ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni injini ya mipigo minne, ambayo hupatikana katika pampu na jenereta nyingi. Hii ina nafasi yake ya kuwekea oili chini ya injini, kama ilivyo katika motokaa. Tangi lake hutiwa petroli tupu, na oili hukaguliwa kwa kijiti cha kupimia kila siku kabla ya kuwasha.

Ya pili ni injini ya mipigo miwili, ambayo ndiyo iliyomo katika misumeno mingi ya petroli. Injini hii haina mahali pa kuwekea oili. Oili inayolainisha pistoni na beringi zake huingia pamoja na petroli, nayo huungua pamoja nayo. Basi petroli tupu ikitiwa ndani ya pawasoo, chuma husuguana na chuma, pistoni hupata moto na kutanuka, kisha hukwama ndani ya silinda. Dakika chache zatosha kuleta hasara hiyo.

Kinu cha posho chenye injini ya dizeli ni jambo jingine kabisa. Hicho hakitiwi petroli hata kidogo.

Kipimo cha Oili

Wako mafundi wanaopima oili kwa macho, wakitazama rangi ya petroli ikibadilika. Desturi hii haifai. Watengenezaji wengi wa misumeno ya siku hizi huagiza sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Hesabu yake ni nyepesi: mililita 20 kwa lita moja, au mililita 100 kwa lita tano. Injini nyingine, hasa za zamani, hutaka sehemu moja kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita moja, au mililita 200 kwa lita tano. Kitabu kilichokuja na chombo ndicho chenye neno la mwisho. Bomba la sindano ya mifugo lililo jipya, lenye alama za mililita, ni kipimo kizuri kwa asiye na chupa maalumu.

Huenda mtu akadhani kwamba oili nyingi ni ulinzi zaidi. Sivyo. Oili ikizidi, moshi hujaa, plagi huchafuka, na masizi hujenga ukuta katika njia ya moshi hata injini ikakosa nguvu.

Oili yenyewe nayo ina aina zake. Inayofaa ni ile ya injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa hewa, na chupa yake huwa na alama kama JASO FD au ISO-L-EGD. Chupa yenye alama TC-W3 ni ya injini za mashua, kama zile za wavuvi wa Ziwa Victoria na wa pwani. Injini hizo hupozwa kwa maji, na oili yake haikukusudiwa joto kali la pawasoo. Oili ya motokaa haifai kuchanganywa na petroli, na oili chafu iliyomwagwa kutoka garini haifai hata kwa mnyororo, kwa kuwa ina vumbi la chuma na hudhuru ngozi ya binadamu.

Petroli Safi, Petroli Mpya

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni adui mwingine. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka tozo ya Shilingi 18 juu ya kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari kwa ajili ya faida. Mafuta ya taa hayawaki kama petroli. Injini hugonga, hupata joto kupita kiasi, na hukosa nguvu.

Njia moja rahisi ya kujaribu ni kudondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, nje ya nyumba na mbali na moto. Petroli safi hukauka bila kuacha doa la mafuta. Mafuta ya taa huacha doa. Jaribio hili halifichui kila udanganyifu, na kwa hiyo ni afadhali kununua katika kituo kinachojulikana kuliko kununua petroli ya chupa kando ya barabara.

Petroli vile vile huzeeka. Ikikaa muda mrefu, sehemu zake nyepesi hupotea hewani, na utomvu hubaki ndani ya kabureta. Mchanganyiko utengenezwe wa kutosha kazi ya siku 30 tu, na mtungi utikiswe kabla ya kujaza tangi. Chombo kitakachokaa bila kazi kwa miezi kadhaa kimwagwe mafuta yake, kisha injini iwashwe mpaka izime yenyewe.

Mtungi na Alama Yake

Nyumba yenye pawasoo na pampu yapaswa kuwa na mitungi miwili: mmoja wa petroli tupu, mmoja wa petroli yenye oili, na kila mmoja uandikwe kwa herufi kubwa. Kibarua aliyetumwa kwa haraka hawezi kujua tofauti kama hakuna maandishi. Mitungi iwe ile iliyotengenezwa kwa kubebea petroli. Chupa ya maji au ya soda isitumike kamwe, maana mtoto mwenye kiu hunywa kwanza na kulia baadaye.

Injini izimwe na kuachwa ipoe kabla ya kujazwa, na msumeno usogezwe angalau mita tatu kutoka hapo ulipojazwa kabla ya kuwashwa.

Mililita 100 za oili katika lita tano ni gharama ndogo. Pistoni na silinda mpya ni gharama kubwa, na juu yake kuna siku za kazi zilizopotea wakati mnunuzi wa mbao anangoja na karo ya shule haijalipwa. Wazee walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta, na mwenye injini huuziba ufa huo kila mara anapopima oili yake.