Nyanya Ichumwe Lini? Hesabu Safari Kabla ya Kuangalia Rangi

Msimu huu swali ninaloulizwa sana, kuanzia Magu hadi Misungwi, ni hili: "Afisa, nyanya zangu zimeanza kubadilika rangi. Nichume au nisubiri?" Na mimi huwa najibu kwa swali: unamuuzia nani, na zitamfikia baada ya siku ngapi?

Nina sababu ya kuuliza hivyo. Nilipotoka chuo na kuanza kazi ya ugani, kuna kijana upande wa Sengerema nilimwambia asubiri nyanya ziwe nyekundu kabisa ndo achume, maana nyekundu ndo inavutia mteja. Akanisikiliza. Mnunuzi aliahidi kuja Alhamisi, akaja Jumamosi mchana. Nyanya zilikuwa zimeshalainika, na zile za chini kwenye tenga zinatoa maji. Nyingi ziliondoka kama masalo, kwa bei ya kutupa, na deni la mbegu na dawa likabaki palepale. Ni kweli mnunuzi alichelewa, lakini ushauri ulikuwa wangu. Nilimpa ushauri wa mtu mwenye miche mitano nyuma ya jiko, wakati yeye analima biashara.

Nyanya huiva hata ikishachumwa

Nyanya iliyokomaa hutengeneza yenyewe gesi inayoitwa ethilini, na gesi hiyo ndo inayoiivisha. Ukishaona rangi imeanza kugeuka kwenye kitako cha tunda, ujue kazi kubwa ya mmea imeisha. Ukiichuma hapo na kuiweka kivulini, itaendelea kuiva hadi iwe nyekundu, na ladha yake haitapishana sana na iliyoivia kwenye mti.

Nyanya changa ni habari nyingine. Ukiichuma kabla haijakomaa itasinyaa, au itabadilika rangi vibaya na kukosa ladha. Mteja akinunua hiyo mara moja, mara ya pili hakufuati.

Hatua nne za kuzijua

1. Kijani changa. Ukiikata katikati, kisu kinakata na mbegu. Usichume.
2. Kijani iliyokomaa. Kijani chake kimepauka kidogo na ganda linang'aa. Ukiikata, mbegu zimezungukwa na utelezi na zinakikwepa kisu.
3. Iliyoanza kugeuka. Kitako kina doa la njano au pinki.
4. Pinki hadi nyekundu. Rangi imetawala tunda.

Tofauti ya hatua ya 1 na ya 2 huwezi kuijua kwa macho peke yake. Toa sadaka nyanya mbili tatu kutoka sehemu tofauti za shamba, uzipasue. Hasara yake ni ndogo kuliko kuchuma matenga kumi ya nyanya changa.

Sasa linganisha na soko lako

*Unauza leo au kesho hapahapa*, kwa mfano upo Ilemela na unapeleka Igoma, Buhongwa au kwa mama ntilie: chuma pinki iliyokolea hadi nyekundu. Kwa chakula cha nyumbani pia, subiri nyekundu.

*Zitakaa siku mbili hadi nne kabla ya kumfikia mlaji*: chuma zilizoanza kugeuka. Kwa wakulima wengi wa kwetu hii ndo hatua salama zaidi, kwa sababu mnunuzi akichelewa siku moja bado una mzigo mgumu.

*Safari ndefu ya kuvuka mikoa*: changanya zilizoanza kugeuka na kijani iliyokomaa, ila kwanza kubaliana na mnunuzi.

Hesabu hii hubadilika barabara ikibadilika. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayetoka Sengerema kupitia Busisi hapangi tena foleni ya kivuko. Anaweza kuziacha nyanya zikolee kidogo zaidi. Wewe wa Ukerewe bado unavuka maji, kwa hiyo chuma mapema kuliko mwenzako wa Misungwi.

Aina ya mbegu nayo ina neno lake. Tengeru 97 na Tanya zina tunda gumu, zinavumilia tenga na barabara mbovu. Yenye ganda laini usiipe safari ndefu.

Dawa: hapa hakuna mjadala

Kanitangaze ametufanya wengi tupulize dawa mara kwa mara. Soma kibandiko cha dawa, tafuta siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na tumia dawa iliyosajiliwa na TPHPA. Kama kibandiko kinasema siku 7 na ulipuliza juzi, huchumi, hata mnunuzi awe amesimama shambani na hela mkononi. Nyanya hiyo inaliwa na mtoto wa mtu, tena mara nyingi mbichi kwenye kachumbari. Kwa hiyo panga siku ya kuchuma kwanza, ndo upange siku ya kupuliza.

Siku ya kuchuma

- Chuma asubuhi umande ukishakauka. Nyanya zilizolowa zinaoza haraka.
- Zungusha tunda taratibu, usilivute. Kikonyo kikibaki kirefu kitatoboa nyingine.
- Tenga hatua tofauti. Nyekundu ukiichanganya na za kijani, gesi yake inaziharakisha zote.
- Usijaze chombo kupita kiasi. Uzito wa juu unaponda za chini.
- Weka kivulini penye hewa. Joto likizidi nyuzi 30, kama kwenye chumba cha bati kisicho na madirisha, wekundu haukolei vizuri, zinabaki za machungwa.
- Kijani usiziweke kwenye friji. Baridi kali inaziharibu, hata ukizitoa haziivi vizuri.
- Mvua kubwa ikikaribia, usizisubirie nyekundu. Maji mengi ya ghafla hupasua zilizoiva.

Jaribio la wiki hii

Chuma nyanya 10 zilizoanza kugeuka, ziweke kivulini nyumbani kwako. Andika zilichukua siku ngapi kuwa nyekundu, na siku ngapi hadi kulainika. Hiyo ndo kalenda ya mbegu yako na joto la kwako. Mnunuzi akikupigia kusema "nakuja keshokutwa", fungua daftari uone kama unaweza kumsubiri, au utafute mwingine mapema.

Yule kijana wa Sengerema bado analima nyanya. Siku hizi anachuma zikianza kugeuka, na akinipigia simu ananikumbusha ile Jumamosi kwa utani. Mimi nacheka, lakini sijaisahau.